Sheria ya Madini ya Risasi na Soko la Pikipiki za Watoto Nchini Marekani

Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya wafanyabiashara wa vyombo vya moto na wanafunzi wa sheria ya biashara

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa wafanyabiashara, walimu na wanafunzi, nawasalimu nyote kwa heshima.

Niliombwa nizungumzie namna sheria za usalama wa bidhaa zinavyoathiri mauzo, nami nimeona ni afadhali nishike mfano mmoja niuchambue kuliko kupita juu juu kwenye mingi. Mfano wenyewe ni wa Marekani, kati ya mwaka 2008 na 2011, na unahusu vyombo vya moto vya watoto vya kuendeshwa nje ya barabara, yaani pikipiki ndogo za magurudumu manne na zile za magurudumu mawili ambazo hutengenezwa makusudi kwa watoto wa kuanzia miaka 6 hivi. Nimeuchagua kwa sababu sheria moja, iliyotiwa saini siku moja, ilikuwa na vifungu viwili vilivyoigusa bidhaa hiyo. Kifungu kimoja kiliandikwa na watu walioijua bidhaa na hatari zake, na kingine kiliikumba bila kuikusudia. Kila kifungu kilifanya kazi yake sokoni, na tofauti ya kazi hizo mbili ndiyo ninayotaka tuitazame.

Kwanza ni haki tueleze sheria ilitoka wapi, maana haikuzuka kwa upuuzi. Mwaka 2006, mtoto wa miaka 4 katika mji wa Minneapolis alifariki baada ya kumeza kipambo cha bangili kilichotolewa bure pamoja na viatu, na vipimo vilionyesha kwamba kipambo kile kilikuwa karibu risasi tupu, yaani ile metali yenye sumu. Mwaka uliofuata, kampuni kubwa za vinyago, Mattel ikiwa mojawapo, zilirudisha kutoka sokoni mamilioni ya vinyago vilivyotengenezwa China, vingi vikiwa vimepakwa rangi yenye risasi. Wazazi wa Marekani walishtuka, na walikuwa na haki ya kushtuka, kwa kuwa risasi huharibu ubongo wa mtoto na sayansi haijapata kiwango chake kilicho salama mwilini. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa jambo hilo kutoka mbali, kwa sababu wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa waliugua kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu jirani na nyumba zao, na mahakama iliamuru mwaka 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Kuboresha Usalama wa Bidhaa za Walaji. Katika Baraza la Wawakilishi kura zilikuwa 424 dhidi ya 1, na katika Seneti 89 dhidi ya 3, na Rais George W. Bush akaitia saini tarehe 14 Agosti 2008. Idadi hiyo ya kura yenyewe inastahili kutufikirisha, kwa sababu sheria inayopita kwa umoja wa namna hiyo huwa imechochewa na huzuni ya kweli, na wakati wa huzuni ni wachache wanaothubutu kusimama na kuuliza ni bidhaa zipi nyingine zitakazonaswa.

Kifungu cha 101 cha sheria hiyo kiliweka kikomo cha risasi katika kila bidhaa iliyokusudiwa hasa kwa mtoto wa miaka 12 au chini yake. Kuanzia tarehe 10 Februari 2009, hakuna sehemu ya bidhaa ya mtoto iliyoruhusiwa kuwa na zaidi ya sehemu 600 za risasi katika kila sehemu milioni moja za uzito wake. Kufikia Agosti 2009 kikomo kingeshuka hadi 300, na kufikia Agosti 2011 hadi 100 kama teknolojia ingeruhusu. Naomba mwangalie kwamba kipimo hicho kilihusu kiasi cha risasi iliyomo ndani ya kitu, si kiasi kinachoweza kutoka na kuingia mwilini mwa mtoto. Kwa kinyago cha plastiki ambacho mtoto mchanga hukitia mdomoni, pengo kati ya vipimo hivyo viwili si kubwa sana. Kwa pikipiki, pengo hilo ndilo lililobeba kesi nzima.

Pikipiki, hata iwe ndogo kiasi gani, ni mashine ya metali. Betri yake ni ya risasi, na vichwa vya betri hiyo ni risasi. Valvu za tairi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba ambao huongezwa risasi kidogo ili uwe rahisi kukerezwa. Kuna vipande vya alumini katika injini na kabureta, na vipande vya chuma vilivyotiwa risasi kwa sababu hiyo hiyo ya ukerezaji, na mafundi waliopo hapa wanajua kwamba skrubu au nozeli iliyokerezwa vibaya ni hatari kwa namna yake. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilipokuja kuorodhesha viwango vilivyokuwa vya kawaida katika sekta hiyo, ilitaja hadi asilimia 0.35 ya risasi katika chuma, asilimia 0.4 katika alumini na asilimia 4 katika michanganyiko ya shaba. Asilimia 4 ni sehemu 40,000 katika milioni, ilhali sheria ilidai 600. Hakukuwa na njia ya mtengenezaji kuuziba umbali huo ndani ya miezi sita iliyokuwapo kati ya saini ya Rais na siku ya utekelezaji, na kwa baadhi ya vipande hakukuwa na metali mbadala iliyoaminika.

Mtu atauliza, na ni swali la haki, kama sheria haikuweka mlango wa kutokea. Iliuweka, lakini kwa sharti lisilotimizika. Tume iliruhusiwa kuisamehe bidhaa pale tu ambapo ushahidi wa kisayansi ungeonyesha kwamba matumizi yake ya kawaida, pamoja na matumizi mabaya ambayo mtu angeweza kuyatazamia, hayawezi kusababisha hata chembe ya risasi kuingia katika mwili wa binadamu. Wataalamu waliotumwa na watengenezaji walieleza kwamba risasi ambayo mtoto angeipata kwa kushika vishikio na breki za pikipiki ni kidogo mno. Maelezo hayo yaliwaponza, kwa sababu kidogo mno si sifuri, na sheria haikumpa mtu yeyote mamlaka ya kupima kama kidogo hicho kina madhara. Wanafunzi wa sheria, naomba mkae na jambo hili kwa muda. Bunge liliunda Tume yenye wanasayansi na wachumi, halafu likaizuia isitumie busara iliyoajiriwa kuitumia.

Tarehe 10 Februari 2009 ilipofika, watengenezaji wakubwa waliwaandikia wauzaji wao waache kuuza vyombo vya watoto, na maduka yakaviondoa mahali pa maonyesho. Vyombo vilivyokuwa tayari dukani havikuokolewa na tarehe ya kutengenezwa kwake, kwa kuwa marufuku ilihusu kuuza, si kutengeneza tu. Bidhaa iliyokuwa halali jioni ya tarehe 9 ilikuwa haramu asubuhi iliyofuata, ikiwa palepale ilipokuwa imeegeshwa.

Wafanyabiashara mliopo mtaelewa uzito wa jambo hili kuliko mwanasheria yeyote. Wauzaji wengi wa pikipiki nchini Marekani hujaza maduka yao kwa mkopo maalumu ambao dhamana yake ni zile bidhaa zenyewe. Chombo kikiuzwa, deni lake hulipwa, na kisipouzwa riba huendelea kupanda. Kwa hiyo chombo kilichofungiwa stoo kwa amri ya sheria hakikuwa mtaji uliolala tu, bali kilikuwa gharama iliyokua kila mwezi. Isitoshe, Februari ni mwezi wa kujiandaa kwa majira ya kuchipua, ambapo theluji huyeyuka na familia huanza kwenda mashambani na jangwani na vyombo vyao. Na yote haya yalitokea katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati benki zilikuwa zimebana mikopo na wanunuzi wamepungua.

Hapo nataka tuwe waangalifu. Si haki kukibebesha kifungu cha 101 mzigo wote wa kushuka kwa mauzo ya sekta hiyo katika mwaka 2009, kwa sababu mauzo ya pikipiki za watu wazima nayo yalishuka, na hizo hazikuguswa na sheria ya risasi. Baraza la Sekta ya Pikipiki la Marekani lilikadiria kwamba marufuku kamili ingepoteza biashara ya rejareja ya takriban dola bilioni 1 kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya upande uliokuwa na maslahi, na ndivyo tunavyopaswa kuyasoma. Lakini hata tukiyapunguza, hoja yenyewe inabaki, kwamba hasara haikuishia kwenye bei ya kile chombo kidogo. Mzazi anayemnunulia mtoto pikipiki hununua pia kofia ngumu, miwani, glavu na viatu, hurudi kwa ajili ya mafuta na matengenezo, na mara nyingi hununua yake mwenyewe ili waende pamoja. Vipuri navyo viliingia katika shaka, hata fundi akawa hajui kama kufunga valvu mpya katika pikipiki ya mtoto ni kutengeneza au ni kuuza bidhaa iliyokatazwa.

Shaka hiyo ilikuwa na meno. Sheria ilipandisha faini ya juu kwa kosa moja kutoka dola 8,000 hadi 100,000, na kikomo cha jumla kwa mfululizo wa makosa kutoka dola milioni 1.825 hadi milioni 15, viwango vilivyoanza kutumika Agosti 2009, na ilitambua kifungo cha hadi miaka 5 kwa atakayeivunja kwa kujua. Mwenye duka dogo katika mji wa mashambani, anayeuza vyombo vya watoto labda kumi kwa mwaka, hana sababu yoyote ya kibiashara ya kuihatarisha nyumba yake kwa vyombo kumi.

Hata hivyo alitokea aliyethubutu. Marehemu Malcolm Smith, bingwa wa mbio za pikipiki za jangwani na mwenye duka huko Riverside, California, aliwaita waandishi wa habari tarehe 19 Machi 2009, akauza hadharani vyombo vya watoto ambavyo sheria ilivikataza. Miongoni mwa walionunua walikuwamo watu maarufu katika mchezo huo. Siwashauri wafanyabiashara kuvunja sheria, na sitamtaja kama kielelezo cha utii. Namtaja kwa sababu kitendo chake kililazimisha vyombo vya habari kuuliza swali ambalo Bunge halikuliuliza: mtoto asiyeweza kununuliwa pikipiki ya saizi yake atapanda nini?

Jibu la swali hilo lilijulikana siku nyingi, na lilikuwa katika kumbukumbu za Tume yenyewe. Tume ilikadiria kwamba mwaka 2007 peke yake, watoto takriban 40,000 walio chini ya miaka 16 walipelekwa kwenye vyumba vya dharura vya hospitali kutokana na ajali za pikipiki za magurudumu manne, na tafiti zake za muda mrefu zilionyesha kwamba wengi mno katika watoto wanaoumia au kufa huwa wamepanda mashine za watu wazima. Nyingi za mashine hizo zina uzito unaozidi kilo 200. Mtoto wa miaka 9 hana mwili wa kuisawazisha mashine ya namna hiyo kwenye kona, na ikipinduka hana nguvu ya kujitoa chini yake. Kwa hiyo kuiondoa sokoni mashine ndogo, iliyodhibitiwa mwendo, huku ile kubwa ikibaki katika banda la baba, kulikuwa ni kumsogeza mtoto kutoka kwenye hatari ndogo isiyopimika kirahisi kuelekea kwenye hatari kubwa iliyokwisha kupimwa kwa maiti na majeruhi.

Sitakuwa mkweli nikinyamazia upande wa pili. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimeshikilia kwa miaka mingi kwamba mtoto aliye chini ya miaka 16 hapaswi kuendesha pikipiki ya magurudumu manne hata kidogo, iwe kubwa au ndogo, na madaktari hao ndio wanaopokea watoto waliovunjika mifupa. Nauheshimu msimamo wao. Lakini kama nchi inataka kuwazuia watoto wasiendeshe vyombo hivyo, basi na itunge sheria inayosema hivyo waziwazi, ijadiliwe na wazazi, wauzaji na madaktari wakiwapo. Kuufikia uamuzi huo kwa bahati mbaya, kupitia kiasi cha risasi katika valvu ya tairi, ni kuwanyima wote hao nafasi ya kusikilizwa.

Mwezi Aprili 2009, Tume ilikataa ombi la watengenezaji la kusamehewa, kwa kuwa sharti nililolieleza halikuiachia njia. Papo hapo, makamishna wake wawili, Nancy Nord aliyekuwa kaimu mwenyekiti na Thomas Moore, wakaamua kusitisha utekelezaji wa kifungu hicho kwa vyombo vya watoto vya nje ya barabara hadi tarehe 1 Mei 2011, wakieleza kwamba watoto wakihamia kwenye mashine kubwa watakuwa katika hatari zaidi. Baadaye muda huo ulisogezwa hadi mwisho wa 2011.

Mtu angedhani kwamba soko lilirudi kama lilivyokuwa. Halikurudi. Kusitisha utekelezaji si kuhalalisha. Bidhaa iliendelea kuwa haramu katika maandishi ya sheria, ila Tume iliahidi kutoshtaki, na sheria hiyohiyo ilikuwa imewapa wanasheria wakuu wa majimbo uwezo wa kufungua mashauri yao. Baraza la Sekta ya Pikipiki lilisema katika kipindi hicho kwamba nusu ya watengenezaji wakubwa walikuwa bado hawauzi vyombo vya watoto. Kwa maoni yangu hili ndilo somo zito kuliko yote kwa mwanafunzi wa biashara. Mtengenezaji huamua leo atatengeneza nini baada ya miaka miwili au mitatu, huagiza kalibu, huweka mikataba na wauza vipuri, na hawezi kuyajenga hayo juu ya ahadi yenye tarehe ya mwisho. Marufuku iliyo wazi humfanya atafute bidhaa nyingine, na ruhusa iliyo wazi humfanya awekeze, lakini hali ya katikati humwacha akisubiri. Wakati anasubiri, mtoto amekwisha kukua, na mzazi ametafuta njia nyingine.

Sasa nirudi kwenye kifungu cha pili nilichokidokeza mwanzoni, yaani kifungu cha 232. Hiki kilitungwa mahususi kwa ajili ya pikipiki za magurudumu manne, na nyuma yake kulikuwa na historia ndefu. Miaka ya themanini, pikipiki za magurudumu matatu ziliua na kujeruhi watu wengi, hadi mwaka 1988 serikali ya Marekani ikafikia makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama na Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris. Kampuni hizo zilikubali kuacha kuuza za magurudumu matatu, kutoa mafunzo kwa wanunuzi na kuweka umri unaofaa kwa kila saizi. Makubaliano hayo yalidumu miaka 10. Yalipokwisha mwaka 1998, kampuni kubwa ziliendelea kwa hiari, lakini waagizaji wapya wasio na ahadi yoyote waliingia sokoni kwa bei ya chini.

Kifungu cha 232 kiliifanya hiari hiyo kuwa lazima. Kuanzia Aprili 2009, kila pikipiki mpya ya magurudumu manne, ya kigeni au ya nyumbani, ilipaswa kufuata kiwango kilichowekwa cha breki, uimara na mwendo, na kila mtengenezaji au mwagizaji alipaswa kuwa na mpango wa usalama ulioidhinishwa na Tume. Vyombo vya watoto vilipangwa kwa umri na kwa kasi ya juu, na kilitakiwa kifaa cha kupunguza mwendo ambacho mzazi ndiye hukilegeza kadiri mtoto anavyozidi kuwa stadi. Pikipiki mpya za magurudumu matatu zilipigwa marufuku moja kwa moja. Kifungu hiki nacho kiliathiri mauzo, na kwa makusudi, kwani kiliwatoa sokoni waliouza bei ya chini kwa sababu hawakugharimia usalama, na kikamlinda muuzaji aliyegharimia. Sikumbuki kuona msafara wa wazazi wakilalamikia breki imara.

Wazazi walilalamikia risasi, na mwezi Mei 2011 watoto wenyewe walipelekwa Washington na chama cha waendesha pikipiki kuonana na wabunge. Mnamo Agosti mwaka huo, Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho kwa kura 421 dhidi ya 2, Seneti ikaridhia bila kupingwa, na Rais Barack Obama akayatia saini tarehe 12 Agosti 2011. Marekebisho hayo yaliviondoa vyombo vya nje ya barabara katika kikomo cha risasi, yakaweka kiwango tofauti kwa baiskeli, na yakaipa Tume uwezo wa kusamehe sehemu ambayo haiwezi kutengenezwa bila risasi, na ambayo haitarajiwi kutiwa mdomoni wala kuongeza risasi mwilini mwa mtoto kwa kiasi kinachopimika. Kikomo cha vinyago hakikulegezwa, na naona hilo lilikuwa sawa kabisa. Kifungu cha 232 nacho kilibaki.

Katika miaka ya karibuni Tume imetoa maonyo mengi kuhusu pikipiki ndogo za watoto zinazoagizwa kutoka nje na kuuzwa katika maduka ya mtandaoni bila mpango ulioidhinishwa, nyingine zikikosa breki ya kuegeshea, nyingine zikizidi kasi iliyowekwa kwa umri wa mtoto. Mashine za aina hiyo zinapatikana kwa yeyote mwenye simu, na wasafirishaji wake hawachagui bandari. Kwa hiyo ombi langu kwenu waagizaji ni la vitendo: kabla ya kulipa, mtakeni mtengenezaji awape cheti cha kiwango alichokifuata, umri ambao mashine imekusudiwa, kasi yake ya juu kifaa cha kupunguza mwendo kikiwa kimefungwa na kikiwa kimelegezwa, na jina la atakayewajibika kwa vipuri. Na kwenu wanafunzi, ambao baadhi yenu mtaandika kanuni za viwango vya nchi hizi, naomba kila mnapoweka kikomo mwandike pia nani ana mamlaka ya kukipima upya, kwa ushahidi gani, na ndani ya siku ngapi ni lazima atoe jibu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.